Yahoo, Shi Tao na swali la seva
Aprili 2004 Shi Tao, mwandishi wa habari wa Uchina, alituma barua pepe kwa Yahoo akieleza maagizo ya serikali kwa vyombo vya habari kuhusu miaka 15 ya mauaji ya Tiananmen. Polisi wakadai rekodi za akaunti, Yahoo ikazitoa. Mwaka 2005 alihukumiwa miaka 10 jela. Yahoo ilijitetea kwamba ilifuata sheria ya nchi. Haya, lakini nani aliwatuma waweke rekodi huko? Google ilipofungua google.cn Januari 2006 ilikubali kuchuja matokeo ya utafutaji (aibu tupu, kwa maoni yangu), ila Gmail haikuipeleka Uchina, isije ikalazimishwa kukabidhi barua za watu. Shi Tao alitoka gerezani 2013.