Safari pamoja na kugo na kogo: Kutoka mashamba ya chai hadi Mto Mara

Kila Agosti na Desemba, wazee wengi katika kaunti za Kericho na Bomet hupokea wana na wajukuu wanaoishi Nairobi, Uingereza na Marekani. Baada ya siku chache za kimyet na mursik, wageni hukodi gari, wakapakia mahema na kuelekea Maasai Mara. Mara nyingi wazee huachwa nyumbani kuangalia ng'ombe.

Kuwaacha ni hasara kwa familia nzima. Barabara ya kutoka Kericho hadi Mara hufuata maji ya msitu wa Mau, na wanaoijua historia ya kila kilima kando yake ni kugo na kogo, yaani babu na bibi kwa Kikipsigis.

Safari huanza katika mashamba ya chai, yaliyo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mgeni huona zulia la kijani kibichi. Mzee huona jambo jingine. Wakipsigis waliondolewa katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo na serikali ya kikoloni, na kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kupanda chai humo miaka ya 1920. Mwaka 1934, serikali hiyo iliamua kuuhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali palipokuwa na mbung'o na malaria. Mnamo 2022, wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Kuna pia historia ya jasho. Kina kogo wengi walichuma majani mawili na chipukizi lake kwa mkono, kikapu kikiwa mgongoni. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo katika mashamba ya kampuni, na Mei 2023 baadhi yake ziliteketezwa katika maandamano mjini Kericho na viungani mwake. Mjukuu anayesikia hayo papo hapo shambani huelewa kwa nini kikombe cha chai huzua mjadala mkali nyumbani.

Mashariki ya mashamba hayo umo msitu wa Mau, ambao maji yake huingia katika ziwa Victoria, Nakuru, Baringo, Natron na Turkana. Kuanzia 1986, serikali ilipanda ukanda wa chai ya Nyayo pembezoni mwa misitu ili uwe ua wa kuzuia wakulima kuingia. Hata hivyo, mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi na kugawanywa. Majaribio ya kuurejesha msitu yameandamana na kufurushwa kwa familia nyingi, na katika nyumba kadhaa za Bomet suala hilo bado ni kidonda.

Kutoka Kericho, gari hupitia Litein, Kapkatet na Kaplong hadi mjini Bomet, palipo na Mto Nyangores. Karibu na hapo ni maporomoko ya Tenwek, ambako hospitali ya misheni ilianza kuzalisha umeme wake katika miaka ya 1980. Barabara huendelea hadi Longisa na Mulot, mpakani na Narok, ambako hupita Mto Amala. Nyangores na Amala, yote miwili ikitoka Mau, huungana na kuwa Mto Mara.

Kutoka Mulot, msafiri hupitia Ololulunga na Ewaso Ng'iro kuelekea lango la Sekenani. Ndani ya hifadhi, viboko na mamba huishi katika maji yaleyale yaliyopita Bomet. Nyumbu wanaotoka Serengeti kati ya Julai na Oktoba huyategemea pia, kwani wakati wa kiangazi Mara ndio mto usiokauka katika eneo hilo. Mto huo wenye urefu wa takriban kilomita 395 huishia Ziwa Victoria, karibu na Musoma, Tanzania. Hivyo, mti unaokatwa juu ya Bomet huwagusa watu na wanyama wa nchi mbili.

Kusafiri na wazee kunahitaji maandalizi. Gari lenye kitanda ndani, au hema la kusimama wima chini, huwafaa kuliko hema la juu ya paa linalopandwa kwa ngazi. Dawa za shinikizo la damu au kisukari zipakiwe za kutosha na zikae karibu. Wageni kutoka ng'ambo wamwone daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya kusafiri. Usiku huwa na baridi kali, na alasiri katika eneo la chai mara nyingi huleta mvua, wakati mwingine ya mawe. Kwa hiyo ni vyema kufika kambini mapema. Kulala msituni kunahitaji idhini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na katika Mara watu hupiga kambi mahali palipotengwa pekee. Asiwepo wa kutembea kando ya mto usiku, kwani viboko hutoka majini kula nyasi.

Jambo la mwisho halihitaji pesa. Mjukuu mmoja apewe simu au daftari ili anase majina ya Kikipsigis ya mito, vilima na miti: tegat ni mwanzi, na mkaa wa senetwet ndio unaosugua kibuyu cha mursik. Aandike pia majina ya mababu na mahali walipoishi kabla ya chai. Mengi ya hayo hayamo katika ramani yoyote, na kila mwaka wanaoyakumbuka hupungua.