Furaha katika dhiki: Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la Kikristo lililoanzia katika kituo cha misheni cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kutoka hapo lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na kuvuka hadi sehemu za Kongo. Watu wa nje huwaita wafuasi wake walokole, ila wao kwa wao huitana ndugu. Makala haya yanahusu upande mmoja tu wa historia yao, ambao ndio uliowashangaza zaidi waliowatazama kwa karibu: furaha na amani waliyokuwa nayo wakati wa njaa, kufukuzwa shule, vita na utawala wa mabavu.

Furaha hiyo imeelezwa vibaya mara nyingi. Wapo walioiona kuwa ni ushupavu wa kidini, na wapo walioifanya kuwa kipaji cha mashujaa wachache. Ushuhuda wa ndugu wenyewe unaonyesha mambo mawili. Kwanza, furaha ilipitia mlango wa toba, kwa hiyo asiyeielewa toba yao hataielewa furaha yao. Pili, ilitunzwa katika ushirika, yaani na watu walioketi pamoja kila wiki, wakajuana makosa na wakabebeana mizigo.

Gahini na Namirembe

Gahini iko kando ya Ziwa Muhazi. Daktari Mwingereza Joe Church alifika huko mwaka 1928, na mara akakutana na njaa kubwa iliyoua watu wengi mashariki mwa Rwanda. Hospitali ilijaa, watumishi wakachoka, naye mwenyewe akakata tamaa. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye cheo na mali. Nsibambi naye alikuwa na historia ya uchungu, kwani aliwahi kutamani kwenda kusoma ng'ambo akanyimwa nafasi, na jambo hilo lilimkaa moyoni hadi alipookoka. Watu hao wawili, mmoja Mzungu na mwingine Mwafrika, wakati ambapo misheni nyingi hazikuwaketisha meza moja, walikaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba juu ya Roho Mtakatifu. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Matokeo hayakuonekana upesi. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa watumishi Waafrika wa hospitali ya Gahini, hakupatana na daktari, na kazi ilikuwa imejaa manung'uniko na wizi mdogomdogo. Mwaka 1931 alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza jinsi hospitali ilivyoharibika. Nsibambi hakumpa pole aliyoitarajia. Alimwambia kwamba chanzo cha maovu ya hospitali kilikuwa pia moyoni mwa Yosiya mwenyewe. Maneno hayo yalimchoma, na alipokuwa njiani kurudi alitubu. Watu wa hospitali waliona badiliko hilo kazini kabla ya kulisikia kwa maneno. Tukio hili linastahili kukumbukwa kuliko mikutano mikubwa iliyofuata, kwa sababu ndani yake upo mtindo mzima wa Uamsho: mtu anakuja na malalamiko juu ya wengine, anaonyeshwa nafsi yake, analia, kisha anatoka akiwa mwepesi.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliacha nafasi nzuri Uganda akaenda Gahini kuwa mwalimu. Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi na mafundisho, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakitaja dhambi zao. Mwaka 1935 moto huo ulifika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Blasio mwenyewe hakuuona ulivyoenea. Alifariki kwa homa mjini Kampala Januari 1936, alipokuwa amekwenda kulisihi kanisa la Uganda liamke. Wengi walidhani kwamba kazi ingekufa pamoja naye. Katika miezi iliyofuata ilienea Rwanda nzima.

Ushirika na kutembea nuruni

Mkutano wa ushirika haukuhitaji kasisi wala jengo. Ndugu walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao, chini ya mti, au darasani baada ya masomo. Waliimba, wakasoma sehemu ya Biblia, kisha watu wakatoa ushuhuda. Ushuhuda haukuwa wa jumla. Mtu alisema kwamba alichukua shuka la hospitali na amelirudisha, kwamba amemsema vibaya mwalimu mwenzake, au kwamba hajazungumza na mke wake tangu Jumapili. Wanaume waliozoea kula peke yao walianza kula na wake zao na kuomba pamoja nao. Wamisionari waliwaomba radhi Waafrika mbele ya watu kwa kiburi chao, jambo ambalo katika nchi zilizotawaliwa na wakoloni lilikuwa kama kupindua dunia. Maisha haya ya kutofichana yaliitwa kutembea nuruni.

Baada ya mtu kutubu, kikundi kiliitikia kwa kumshika mkono, kumkumbatia na kuimba. Wimbo uliokuwa alama yao ni Tukutendereza Yesu, ambao ndugu wa Kenya, Tanzania na Rwanda huuimba hadi leo kwa Kiganda kama ulivyo, hata pale ambapo hakuna Mganda hata mmoja. Aliyeungama jambo la aibu hakuachwa peke yake na aibu yake. Ndiyo maana furaha yao iliweza kuistahimili dhiki. Mtu ambaye jina lake zuri limeshavunjika mbele ya wenzake, na bado wanampenda, hana kitu kikubwa cha kuogopa kupokonywa.

Mwaka 1941 hilo lilipimwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Wanafunzi wa Uamsho waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakapinga baadhi ya mafundisho ya chuo, wakakatazwa, wakakataa kunyamaza. Wanafunzi 26 walifukuzwa, akiwemo William Nagenda, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri wakuu wa Uamsho. Walipoteza njia ya kuwa makasisi, lakini hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki kuwa Waanglikana na kuketi katika viti vya makanisa yaliyowakataa.

Kenya wakati wa hali ya hatari

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952, ndugu wa Ukikuyu walijikuta katikati ya mawe mawili. Mau Mau walipigania ardhi na uhuru, madai ambayo ndugu wengi waliyaona kuwa ya haki. Ila kiapo cha Mau Mau walikikataa, na sababu yao ilikuwa fupi: waliokwisha kuinywa damu ya Kristo katika Ushirika Mtakatifu hawakuweza kuinywa damu ya kiapo. Serikali nayo iliwataka wachukue silaha na kujiunga na walinzi wa vijiji, na wengi wao wakakataa bunduki pia. Kwa hiyo walichukiwa na pande zote mbili. Baadhi walipigwa na kuachwa wakidhaniwa wamekufa, na wengine waliuawa pamoja na familia zao.

Murang'a kuna kanisa lililojengwa kuwakumbuka waliouawa. Ndani yake, mwaka 1959, msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora ukutani picha kubwa za maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani. Yesu wake ni Mwafrika, na matukio yote yamewekwa katika mandhari ya Ukikuyu. Anayeingia humo anamwona Mwokozi akiteseka katika vilima vilevile ambamo ndugu walizikwa.

Yona Kanamuzeyi

Rwanda yenyewe iliingia katika damu tangu mwaka 1959. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji katika eneo la Nyamata, ambako Watutsi wengi waliofukuzwa makwao walikuwa wamesukumwa. Aliwahudumia bila kujali kabila, na kwa sababu hiyo akashukiwa. Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walikuja kumchukua pamoja na mwenzake. Yona aliomba nafasi ya kuandika katika daftari lake, akaacha maelekezo juu ya fedha za kanisa zilizokuwa mikononi mwake, akaomba. Alipoongozwa kwenda kwenye daraja alikwenda akiimba. Alipigwa risasi na mwili wake ukatupwa mtoni. Mwenzake aliachiwa, ndiyo maana habari hizi zinajulikana, na alieleza jinsi askari walivyoshangaa, kwa kuwa hawakuwahi kumwona mtu akienda kufa namna ile.

Hesabu ile ya fedha za kanisa inasema mengi. Mtu mwenye hofu angejitetea au kubembeleza. Yona alitaka tu asiache deni.

Uwanja wa Kabale, 1973

Simulizi linalojulikana zaidi limeachwa na Festo Kivengere. Alizaliwa Kigezi mwaka 1919, akaokoka katika Uamsho, akafundisha Dodoma kwa zaidi ya miaka kumi hadi Kiswahili kikawa lugha yake ya kuhubiria, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Tarehe 10 Februari 1973, chini ya utawala wa Idi Amin, wanaume watatu waliletwa katika uwanja wa michezo wa Kabale ili wapigwe risasi hadharani. Maelfu ya watu waliamriwa kwenda kutazama. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla hawajauawa, akapewa.

Aliwaendea kwa nyuma, hajui aseme nini. Walipogeuka aliona nyuso zinazong'aa. Mmoja alimtangulia kusema, akamshukuru kwa kuja na kumweleza kwamba tangu akamatwe alikuwa amempokea Yesu gerezani, dhambi zake zimesamehewa, na mkewe aambiwe asiwe na wasiwasi. Wawili waliobaki walisema vivyo hivyo, huku wakiinua mikono iliyofungwa pingu. Askofu aliona kwamba wenye kuhitaji kuhubiriwa walikuwa askari, akawatafsiria waliyosema wafungwa. Askari waliduwaa hata wakasahau kuwafunika wale watu nyuso. Watatu hao walisimama wakiutazama umati, wakapunga mikono yenye pingu, umati nao ukawapungia. Kisha risasi zikalia.

Miaka minne baadaye ilifika zamu ya kiongozi wa kanisa lote. Askofu mkuu Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka mwaka 1948 kwa ushuhuda wa ndugu, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikadai kwamba ni ajali ya gari. Mwili ulipelekwa kwao Mucwini bila kanisa kuruhusiwa kumzika. Jumapili iliyofuata watu walijaa Namirembe hata hivyo. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kanisa kuu, nalo lilibaki tupu, na watu walilizunguka wakiimba nyimbo za ufufuo.

Kivengere na mkewe Mera walikimbia kwa miguu milimani usiku hadi Rwanda. Alichokieleza baadaye ni cha thamani kuliko ujasiri wowote. Alikiri kwamba uhamishoni alimchukia Amin, na kwamba chuki hiyo ilimnyima amani ambayo Amin mwenyewe hakuweza kumnyima. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa katika ibada London, alitubu uchungu wake na kumsamehe. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake ni tamko la kumpenda Idi Amin, na wasomaji wengi, hasa waliopoteza ndugu zao, walipata shida kulimeza jina hilo. Hakusema kwamba uovu ulikuwa mdogo. Alitubu kama alivyofundishwa katika ushirika alipokuwa kijana, wakati huu akiwa yeye aliyekosewa.

Mipaka yake

Uamsho haukuwa bila kasoro. Palikuwa na ukali juu ya mavazi na mapambo, palikuwa na kuungama kulikoumiza waliotajwa, na katika Uganda na Kenya yalizuka makundi yaliyodai kuwa yameamka zaidi ya wengine. Jambo zito kuliko yote ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, katika nchi ileile ya Gahini, ambapo Wakristo wengi waliua na makanisa yenyewe yakawa mahali pa kuchinjia watu. Wapo walokole waliokufa wakiwaficha majirani. Lakini ni wazi kwamba Uamsho wa kizazi kimoja haukuwarithisha watoto kinga, na kwamba kanisa lililozoea kuungama wizi wa shuka lilichelewa mno kuungama chuki ya ukabila.

Wala furaha haikuondoa machozi. Nsibambi mwenyewe, aliyekuwa mwanzo wa mengi, aliishi miaka mingi ya mwisho nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, hawezi tena kuzunguka akihubiri, hadi alipofariki mwaka 1978. Watu walimfuata huko kupata shauri, kama Yosiya alivyomfuata mwaka 1931.

Tanzania ilipokea Uamsho hasa kupitia chuo cha ualimu cha Katoke mwaka 1939, na kutoka huko ukawafikia Waanglikana na Walutheri wa Bukoba. Josiah Kibira, askofu Mlutheri wa huko ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa tunda la ushirika huo. Katika Kagera, Kigezi na milima ya Kenya vikundi vya ndugu bado hukutana kila wiki. Husalimiana kwa Bwana asifiwe, hutaja makosa yao kwa majina, na huchangia gharama za mgonjwa, ada ya mtoto wa mjane na jeneza la aliyefariki.