Nani Ahudumiwe Kwanza?

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza juu ya swali ambalo kila mwuguzi hukutana nalo aingiapo wodini: wagonjwa ni wengi, mikono ni miwili, nani ahudumiwe kwanza? Swali hili laonekana jepesi, lakini wanadamu walichukua muda mrefu kulijibu vema, na katika muda huo walikufa wengi ambao wangaliweza kupona.

Zamani, katika majeshi ya Ulaya, mara nyingi jibu lilikuwa cheo. Tena majeruhi waliachwa uwanjani mpaka mapigano yaishe. Mwaka 1792 daktari mmoja Mfaransa, Dominique-Jean Larrey, aliyaona hayo katika jeshi la mto Rhine, yakamchoma moyo. Akabuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi, ili majeruhi waondolewe upesi. Akashika na kanuni hii: aliye katika hatari kubwa ndiye atangulie, awe jemadari au mpiga ngoma, mwenye jeraha dogo na angoje. Kazi hiyo ikaja kuitwa kwa neno lile lile la Kifaransa litumikalo kwa kuchambua buni.

Lakini achambuaye buni hana budi kuwa na macho. Tarehe 4 Novemba 1854, wakati wa vita vya Krimea, Bibi Florence Nightingale, Mwingereza, alifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wauguzi 38. Huko waliokufa kwa kipindupindu, kuhara damu na homa walizidi sana waliokufa kwa majeraha. Kwa hiyo Bibi huyo alitanguliza usafi, nguo safi na chakula kifaacho. Hata hivyo vifo viliongezeka katika majira ya baridi, mpaka Machi 1855, ilipofika tume ya afya kutoka Uingereza ikasafisha mifereji ya maji machafu chini ya hospitali. Hapo twajifunza kwamba bidii peke yake haitoshi, ikiwa chanzo cha hatari hakijaonekana.

Pengine ndiyo sababu katika kitabu chake juu ya uuguzi, cha mwaka 1859, alisisitiza kwamba mwuguzi afundishwe, kuliko mambo mengine yote, nini cha kutazama na namna ya kukitazama. Mwaka uliofuata shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London.

Baadaye vyombo vikayasaidia macho. Kipima joto cha kwanza kilikuwa kirefu na kikawia sana kutoa jibu. Daktari Clifford Allbutt alipotengeneza kilicho kifupi, katika miaka ya 1860, mwuguzi aliweza kumpima kila mgonjwa. Na mwaka 2012 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilitoa utaratibu wa kuhesabu dalili sita: pumzi, oksijeni ya damu, shindikizo la damu, mapigo ya moyo, joto, na fahamu. Mtu mzima avutaye pumzi 12 hadi 20 kwa dakika hapati alama yoyote. Akifika 25 hupata alama 3. Jumla ikiwa 7 au zaidi, msaada uitwe mara moja.

Basi tuwaze wagonjwa watatu. Wa kwanza amevunjika mkono, naye analia kwa sauti kuu. Wa pili ni mtu mwenye mali, anadai shuka nyingine. Wa tatu ni mzee aliyelala kimya. Jana alitusalimu kwa majina, leo hajui yuko wapi, ngozi yake ni baridi, na pumzi zake ni 28 kwa dakika. Mwuguzi asiye na mafunzo atakimbilia kelele, au atakimbilia mali. Mwuguzi mwenye busara atakwenda kwa mzee, kwa maana wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kisha atarudi upesi kwa yule mwenye maumivu, kwani kungojeshwa si kusahauliwa.

Tena hesabu si bwana wa mwuguzi. Utaratibu ule wa 2012 ulitengenezwa upya mwaka 2017: kuchanganyikiwa kwa ghafula kukapewa alama yake, na baadhi ya wagonjwa wa mapafu wa muda mrefu wakawekewa kipimo chao cha oksijeni. Yaani karatasi ilikuja kuandika yale ambayo mwuguzi makini aliweza kuyaona kando ya kitanda.

Kwa hiyo, nyinyi vijana mnaotaka kazi hii, na nyinyi wazazi mnaouguza nyumbani, hesabuni pumzi, tazameni uso, ulizeni jana alikuwaje. Mgonjwa haulizwi uji. Wala aliye hatarini hangojwi mpaka aite, maana huenda nguvu za kuita zimekwisha.