Glavu za Daktari Si Dharau

Siku moja kliniki nilivaa glavu ili nioshe kidonda cha mtoto. Mama yake akanuna. “Sista, kwani mwanangu ananuka?” Sikukasirika. Nilimsimulia habari za Gulu, na leo nakusimulia wewe.

Gulu ni mji wa kaskazini mwa Uganda, na karibu yake kuna hospitali ya Lacor. Daktari mpasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale, alifika huko mwaka wa 1961. Wakati wa vita alipasua majeruhi wengi, na mara nyingi alijikata vidole akiwa kazini. Mwaka wa 1985 alipimwa akapatikana na virusi vya Ukimwi. Aliendelea kutibu watu na kufundisha madaktari vijana, hadi akafariki mwaka wa 1996.

Mmoja wa vijana waliokwenda Lacor kujifunza kazi, mwaka wa 1983, ni Matthew Lukwiya. Baadaye akawa mkuu wa hospitali hiyo. Oktoba 2000 alikuwa Kampala masomoni alipopigiwa simu: wanafunzi wauguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Alirudi mbio, akasoma kitabu cha maagizo, akashuku Ebola. Vipimo vikathibitisha.

Lukwiya alitenga wodi na kuwafundisha wafanyakazi kujikinga: gauni, glavu, barakoa, miwani ya kukinga macho na viatu vya mpira. Hata hivyo, kati ya wahudumu 22 wa afya walioambukizwa Gulu, 14 waliambukizwa baada ya wodi hizo kufunguliwa. Mafunzo ya siku moja hayatoshi, mama. Mtu akichoka, au mgonjwa akianza kutapika damu, mkono hukimbilia kusaidia kabla ya kukumbuka glavu.

Hata mwalimu mwenyewe hakusalimika. Usiku mmoja wa Novemba aliitwa kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa akitokwa na damu. Alivaa gauni, glavu na barakoa, lakini macho yake hayakufunikwa. Wenzake waliamini kwamba aliambukizwa hapo. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akazikwa Lacor karibu na kaburi la Daktari Lucille.

Sasa sikiliza hesabu hii. Watu 425 waliugua na 224 wakafa. Kati ya hao waliougua, 269 walikuwa wanawake. Ugonjwa ulienea hasa mazishini, ambako watu waligusa maiti, na pia nyumbani na hospitalini. Na je, ni nani huketi kando ya mgonjwa, akamwosha na kumfulia? Ni wewe, mama, na hakuna aliyekufundisha.

Mama yule wa kliniki aliponisikiliza hadi mwisho, aliuliza, “Na mimi nikimwosha nyumbani?” Nilimjibu hivi:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumhudumia mgonjwa na baada yake. Usiguse damu, matapishi wala choo cha mgonjwa kwa mikono mitupu. Omba glavu kituo cha afya. Ukizikosa, funika mikono kwa mfuko safi usiopitisha maji. Usiokote sindano iliyotumika, na uwakataze watoto kuichezea. Ukisikia kuna Ebola eneo lenu na mtu akashikwa na homa, usimuuguze nyumbani na usimwoshe akifariki. Waite wahudumu wa afya mara moja.

Na ukimwona daktari kijana akichelewa kidogo kwa sababu anavaa glavu, mpe nafasi. Akisahau kunawa, mkumbushe kwa upole: “Daktari, samahani, umenawa mikono?” Hiyo si dharau. Unamlinda yeye, unamlinda mtoto wako, na unamlinda mgonjwa atakayefuata.

Kwaheri, mama. Tukutane kipindi kijacho.