Wanyama wa Karatasi wa Joseph Camin

Mtoto aketipo mbele ya mwalimu ili afundishwe namna wanachuoni wanavyowapanga wanyama, huwa yeye amekwisha kuwapanga zamani, kwa mujibu wa aliyoyasikia kwa wazee wake na aliyoyaona pwani na kondeni: kirukacho ni ndege, kiogeleacho ni samaki, na kitambaacho ni nyoka. Wala tusimcheke, kwani hata Carl Linnaeus, yule Mswidi ambaye utaratibu wake wa kuwapa viumbe majina ndio unaofuatwa mpaka leo, alipotoa kitabu chake Systema Naturae mwaka 1735 alimweka nyangumi pamoja na samaki, asimhamishie kwa wanyama wanyonyeshao mpaka chapa ya kumi ya mwaka 1758. Na katika chapa hiyo hiyo alimtia popo safu moja na nyani na binadamu, hukumu ambayo waliokuja baada yake waliitengua. Naye Darwin alipodhihirisha mwaka 1859 kwamba upangaji wa haki ni ule ufuatao nasaba, mzigo wa mwalimu haukupungua bali ulizidi, madhali nasaba ya viumbe haina shahidi aliyeiona ikitukia, na majina aliyokuja nayo mtoto humpa majawabu kabla hajayatazama maumbile yenyewe.

Dawa ya taabu hiyo ilitoka mahali ambapo hapakutazamiwa, katika Chuo Kikuu cha Kansas kilichoko Lawrence, katikati ya Marekani, mapema katika miaka ya 1960. Alikuwako huko Joseph Camin, bingwa wa utitiri na kupe, wadudu ambao wengi wetu hatuna shughuli nao ila kuwaponda. Huyu alichora mnyama mmoja asiyepata kuwako duniani, kisha akaweka karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, akaifuatisha mistari yake huku akibadilisha kidogo hapa na kidogo pale, akapata mnyama wa pili. Na kwa wa pili akampata wa tatu, ukoo ukienda ukigawanyika, matawi mengine yakikatika na mengine yakiendelea, kwa kanuni alizozijua yeye peke yake. Alipokwisha alikuwa na aina 77, ambazo 29 zilihesabiwa kuwa hai na 48 kuwa visukuku, wengine wenye macho na wengine vipofu, wengine wenye mikono na makucha na wengine hawana hata kimoja. Wakaitwa kaminalkuli, kwa jina la mwenyewe. Hapana mtoto ambaye bibi yake alimsimulia hadithi ya kaminalkuli, na hapo ndipo ilipo faida yao.

Lakini kabla hawajawafunza watoto waliwafunza mabingwa. Zama zile wapangaji wa viumbe walikuwa katika mabishano makali. Robert Sokal, mzaliwa wa Vienna ambaye jamaa zake walikimbilia Shanghai mwaka 1939 kwa kuwaogopa Manazi, na ambaye sasa alikuwa akisomesha chuo kimoja na Camin, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1963 pamoja na Mwingereza Peter Sneath, wakidai kwamba viumbe wapangwe kwa hesabu, sifa zote zikipewa uzito sawasawa, ilhali wapangaji wa mtindo wa zamani waliona kwamba ustadi wa jicho lililozoea hauwezi kutiwa katika mashine. Mwamuzi wa ugomvi huo asingalipatikana kwa wanyama wa kweli, kwa kuwa hapana amjuaye babu yao wa yakini. Bali kwa wanyama wa karatasi babu alijulikana, na aliyemjua alikuwa pale pale. Basi Camin akawapa watu picha zake, wachore mti wa nasaba kama waonavyo, naye akailinganisha miti yao na ule wa kweli. Akaona jambo: miti iliyoukaribia ukweli kuliko mingine ilikuwa siku zote ni ile iliyohitaji mageuko machache kabisa ya kudhaniwa. Mwaka 1965 yeye na Sokal wakaitangaza njia ya kutafuta nasaba kwa kuuchagua mti wa namna hiyo. Sharti walilolitia ndani yake, kwamba sifa ikishabadilika hairudi nyuma, limekuja kuonekana kuwa kali mno. Walakini asili ya fikira imebaki.

Sokal aliitangaza hazina yote pamoja na mti wa kweli mwaka 1983, Camin akiwa amekwisha kufariki, na mwaka 2000 Robert Gendron akawaandikia waalimu namna ya kuitumia darasani. Wanafunzi hupewa picha za kaminalkuli 14 walio hai, wazipange kwa jamaa na koo, na hapo ubishi huanza, mmoja akisema makucha ndiyo yenye maana, mwenziwe akishika macho. Kisha huletewa visukuku, kila kimoja kikiwa na umri wake, wavipange tangu cha kale mpaka cha karibu. Ghafula wawili waliowekwa nyumba moja kwa kufanana viungo huonekana wametoka matawi mbalimbali, kila mmoja akiwa amekipata kiungo kile kwa njia yake. Sijui somo jingine liwezalo kumwonyesha mtoto kwa upesi hivyo kwamba kufanana si lazima kuwe udugu.

Pamoja na hayo, nina shaka na waalimu wapendao kuuliza, mbele ya picha hizo hizo, makucha yale yalimfaa nini mwenyewe. Kaminalkuli hana bahari wala mwitu, hana chakula wala adui, na jawabu lolote atakalolitoa mtoto litakuwa hadithi tu. Camin mwenyewe aliyajua haya vizuri, maana kabla ya kushika kalamu alikuwa amechunguza nyoka wa maji wa visiwa vya ziwa Erie, ambao wengi wao ni wa kijivu kitupu, hali wenzao wa bara wana mabaka. Miamba ya visiwa vile ni ya chokaa, myeupe, na ingalikuwa rahisi kusema kwamba rangi huwaficha, kisha mambo yakaisha. Yeye na wenziwe hawakuridhika. Waliwakamata majike wenye mimba, wakawahesabu watoto waliozaliwa, na katika makala aliyoyaandika pamoja na Paul Ehrlich mwaka 1958 wakaonyesha kwamba wenye mabaka walikuwa wengi zaidi katika watoto kuliko katika wakubwa: yaani baina ya kuzaliwa na kukomaa walikuwapo waliopungua, yamkini kwa kuonwa na ndege juu ya mawe meupe, na waliopungua hawakuwa wa kijivu. Na lile swali ambalo mwanafunzi mwerevu hatakosa kuliuliza, kwa nini basi mabaka hayakwisha kabisa visiwani baada ya miaka mingi hivyo, nalo walilitafutia jawabu: nyoka wa bara huvuka maji kwa kuogelea, wakafika wakazaana na wenyeji, na mabaka yakaingia upya.