Konea ya Kwanza Haikuulizwa Kundi la Damu

Wapo wanaoamini kwamba mtu wa kundi O huona vizuri kuliko wa kundi A. Hilo halijathibitishwa. Mtu asiyeona mbali, mara nyingi tatizo lake ni kwamba jicho limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, na kundi la damu halitumiki kupimia miwani ya mtu yeyote. Hata hivyo damu na macho vimewahi kukutana katika historia ya tiba, na mkutano huo unastahili kusimuliwa vizuri.

Vienna, katika dola ya Austria-Hungaria, mwaka 1901. Daktari Karl Landsteiner alichukua damu yake na ya wenzake wa maabara, akatenganisha majimaji na chembe nyekundu, kisha akachanganya ya huyu na ya yule. Michanganyiko mingine ilibaki laini, mingine chembe ziligandamana zikafanya vidonge vidogo. Kutokana na vidonge hivyo akapata makundi matatu: A, B, na la tatu ambalo leo tunaliita O. Kundi AB liliongezwa mwaka 1902 na watafiti wengine wa mji huohuo. Tuzo ya Nobel ilimfikia Landsteiner mwaka 1930.

Ndani ya dola hiyohiyo ya Austria-Hungaria, katika mji wa Olomouc, kibarua Alois Glogar alikuwa amepofuka macho yote mawili baada ya kuunguzwa na chokaa. Aliyewahi kuona fundi akizima chokaa anajua jinsi inavyochemka. Tone moja jichoni ni balaa. Konea, yaani kile kiwambo angavu cha mbele ya jicho, ikaota ukungu mweupe, Glogar akabaki gizani.

Tarehe 7 Desemba 1905 alilazwa mezani mbele ya daktari Eduard Zirm. Siku hiyo pia alikuwapo mvulana wa miaka 11 aliyeumizwa na vipande vya chuma, jicho lake halikuweza kuokolewa ikabidi litolewe. Konea yake, lakini, ilikuwa bado safi. Zirm akakata humo viduara viwili, akapandikiza kimoja katika kila jicho la Glogar. Kimoja kiliharibika. Cha pili kilishika, kikabaki angavu, na Glogar akarudi kazini kwake akiona. Ndiyo konea ya kwanza ya binadamu kupandikizwa ikadumu.

Hakuna aliyepima kama damu ya mvulana ililingana na ya kibarua. Hata kwenye kuongezewa damu desturi hiyo ilikuwa haijaanza. Mwaka 1907 ndipo Reuben Ottenberg alipoanza kulinganisha damu huko New York. Damu isiyolingana ikiingia mwilini huweza kuua. Kwa nini basi konea ilikubali? Kwa sababu konea nzima haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kupitia machozi, chakula chake hutoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake, na askari wa kinga ya mwili hawaifikii kwa urahisi. Ndiyo maana mpaka leo madaktari wengi hupandikiza konea bila kulinganisha makundi ya damu.

Lakini si macho yote yana bahati hiyo. Jicho lililoungua au kuugua sana huweza kuota mishipa hadi ndani ya konea, na hapo kinga hupata njia ya kuingia. Mwaka 1992 utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wagonjwa wa namna hii ulitoa matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia: kulinganisha aina za tishu, jambo ghali na gumu, hakukuleta faida iliyotarajiwa, ila kulinganisha makundi ya damu, kipimo cha dakika chache, kulionekana huenda kunapunguza hatari ya konea iliyopandikizwa kukataliwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uhusiano wa kweli kati ya kundi la damu na kuona, nao unamhusu mgonjwa mwenye jicho lililokwisha kujeruhiwa.

Kwa hiyo, msomaji, usiitafute afya ya macho yako kwenye kadi ya damu. Nenda ukapimwe macho. Na ukifanya kazi na chokaa, vaa miwani ya kinga. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo, endelea kuosha bila kuchoka, kisha ukimbilie hospitali.