Kutoka Utalii Hadi Vita: Ndege Ndogo za Kisumu

Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London hadi Kisumu. Kufikia 1937 ndege kubwa za majini zilikuwa zikitua kwenye Ghuba ya Winam. Mizigo na abiria wa Nairobi waliendelea na safari kwa Wilson Airways, kampuni ya Florence Kerr Wilson, iliyoanzishwa 1929.

Ndege zake, kama Dragon Rapide, zilikuwa za mbao na kitambaa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na adhuhuri ya joto ndege iliyojaa huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Marubani wale wanastahili heshima kubwa.

Vita vilipozuka Septemba 1939, ndege na marubani wa Wilson waliingizwa jeshini, wakabeba maofisa na ujumbe.

Ujerumani nako Messerschmitt Bf 108 Taifun, ndege ya kitalii ya viti vinne iliyoruka mara ya kwanza 1934, ilipewa kazi hiyohiyo. Mwaka 1935 rubani Elly Beinhorn aliirusha hadi Istanbul na kurudi Berlin kwa siku moja.